Wi-Fi ya Ploti Inakufa Saa Mbili Usiku, na Kuongeza Megabiti Hakutasaidia

Ikifika saa mbili usiku huku Pipeline, kila mtu analaani kampuni yake ya intaneti. Video inazunguka, gemu inakwama, msee wa kazi za mtandaoni anamwomba mteja dakika kumi zaidi. Kesho yake anapandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20, na usiku mambo ni yale yale. Hebu nikuokolee hiyo pesa.

Fungua orodha ya Wi-Fi kwa simu yako sasa hivi. Kama uko Pipeline, Umoja ama Kayole, utasukuma skrini mpaka kidole kichoke: ya jirani, ya kinyozi, ya duka la chini, ya yule amejiita "Lipa Yako". Mimi juzi nimehesabu 34 nikiwa kitandani. Zote zinagawana hewa ile ile. Kile unacholipia kila mwezi ni bomba linalofika kwa rauta. Kutoka kwa rauta mpaka kwa simu hakuna mtu amekuuzia kitu, hapo ni mali ya wote.

Wi-Fi inafanya kazi kama bafu la ploti. Ni moja, watu ni wengi, na kabla uingie lazima usikilize kama kuna mtu ndani. Akiwepo unangoja, tena muda wa kubahatisha, ili msirushiane mlango wawili kwa pamoja. Kwa chaneli moja, anayeongea kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Haijalishi umelipa ngapi.

Sasa, 2.4 GHz, ile masafa karibu kila kifaa kinaelewa, ina chaneli nyingi kwa karatasi, lakini zisizogusana ni tatu pekee: 1, 6 na 11. Bafu tatu, rauta 34. Na usijifanye mjanja uende chaneli 3 ukidhani umekwepa foleni. Hapo wale wa 1 na wale wa 6 wanakusikia kama kelele, hawajui hata ni zamu ya nani, na wewe pia hivyo hivyo. Afadhali ungoje foleni moja na wenzako.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi. Rauta hata ikiwa haina mtu, inajitangaza karibu mara 10 kila sekunde: "niko hapa, jina langu ni hili." Kwa 2.4 GHz tangazo hilo mara nyingi linatumwa kwa kasi ya chini kabisa, 1 Mbps, ili hata kifaa cha zamani kisikie. Tangazo la baiti 250 linakula milisekunde 2. Piga hesabu: mara 10 kwa sekunde, ni asilimia 2 ya muda wote. Rauta 20 zikisikizana kwa chaneli moja, asilimia 40 ya hewa imeisha kabla mtu yeyote afungue YouTube.

Halafu kuna yule jirani wa kuoga saa nzima. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, Heusse na wenzake watatu, walionyesha kwamba kifaa kimoja cha 1 Mbps kikiwa pamoja na vya 11 Mbps, wote wanaanguka chini ya ile 1. Sababu ni kwamba Wi-Fi iligawa zamu, haikugawa dakika. Kila mtu anaingia mara moja, lakini wa polepole akiingia hatoki. Rauta mpya zingine zinajaribu kurekebisha hiyo, lakini zile za bure tunazopewa na kifurushi, sidhani utazisifu. Kwa hivyo ile TV ya sebuleni inayoshika mtandao kwa shida nyuma ya kuta mbili za mawe inavuta nyumba nzima chini. Iwekee kebo.

Si kwamba kampuni hazina makosa. Pima hivi: saa mbili usiku chomeka laptopu kwa rauta kwa kebo. Kebo ikiwa polepole pia, piga simu upige kelele, ni haki yako. Kebo ikiwa fiti na Wi-Fi ikiwa mbaya, shida ni hewa. Hapo hamia 5 GHz. Watu wanailaumu eti haipiti ukuta, lakini kwa ghorofa lenye nyumba kumi kila sakafu hiyo ndiyo raha yake: ukuta unakuzuilia jirani.

Lakini kila mtu kujipanga kivyake kuna mwisho wake. Maoni yangu ni kwamba ghorofa linafaa kuwa na mtandao mmoja uliopangwa: kebo hadi kila sakafu, vifaa vichache vyenye nguvu kidogo, chaneli tofauti juu na chini. Najua utasema mwenye ploti ataufanya biashara, na tayari kuna ploti ambazo msimamizi anaruhusu kampuni moja tu, bei upende usipende. Huo si mpango, hiyo ni kodi ya pili. Kebo ziwe za jengo, kampuni wapangaji wachague.

Serikali nayo iliahidi Wi-Fi ya umma sehemu 25,000. Sawa, lakini tunahesabu vifaa kama vile kuongeza rauta ni kuongeza mtandao. Hapa Pipeline tuna rauta za kutosha.

Na bado maghorofa yanapanda. Bomba la maji linachorwa, la choo linachorwa, waya za stima zinapitishwa kabla ya plasta. Kama kwenu fundi bado yuko kazini, muulize kebo ya intaneti itapitia wapi, kabla hajafunga huo ukuta.