Jina Ndilo Bidhaa: Sanamu za Mashujaa katika Soko la Kianjai

Wahakiki wa fasihi ya watoto wamezoea kulalamika kwamba mtoto wa Kiafrika ametekwa na mashujaa wa kigeni. Malalamiko hayo husikika katika makongamano mengi, na aghalabu huishia kwa kuilaumu televisheni. Ni nadra mhakiki kuuliza swali la muuza duka: sanamu ya shujaa huyo hufikaje mkononi mwa mtoto, huwekwa wapi dukani, na huuzwa kwa maneno gani? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la lugha kabla ya kuwa la biashara, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wamewaachia wengine walijibu kwa muda mrefu mno.

Kianjai ni soko la Tigania Magharibi, katika barabara itokayo Meru kuelekea Maua. Siku ya soko, kando ya ndoo za plastiki na marobota ya mitumba yaliyofunguliwa, mpita njia hakosi kuona turubai lililotandazwa chini, na juu yake vitu vya kuchezea vilivyokwisha kutumiwa na watoto wa nchi nyingine: gari lililopoteza gurudumu, dubu wa manyoya, na katikati yao wanaume wadogo wa plastiki wenye vifua vipana, mmoja hana upanga, mwingine hana mkono. Wamevuka bahari, wakapitia bandari ya Mombasa na masoko ya Nairobi, wakafika Tigania bila sanduku, bila kadi na bila jina. Mkusanyaji wa sanamu hizi aliyeko Chicago angewalilia, kwa kuwa kwake yeye sanamu iliyotolewa kwenye pakiti yake imepoteza sehemu kubwa ya thamani. Kuna wakusanyaji wanaonunua na wasifungue kamwe.

Muuzaji wa Kianjai hajui shujaa huyu ni nani, ametoka katika filamu gani, wala adui yake ni yupi. Kwa hiyo humuuza kwa kile anachoweza kufanya: “Tazama mama, anakunja mkono, anasimama mwenyewe, havunjiki.” Mama wa pale huambiwa hayo kwa Kitigania; msafiri aliyeshuka kwenye matatu huambiwa kwa Kiswahili; na kipaza sauti chenye sauti iliyorekodiwa hurudia bei mchana kutwa, hamsini hamsini, pasipo kumtaja shujaa yeyote. Tangazo lote limo katika kinywa cha mchuuzi na katika viungo vya sanamu. Hadithi imebaki ng’ambo. Mtoto anayeondoka na sanamu hiyo hajatekwa na utamaduni wa mtu. Amepewa mwili mtupu, na jioni atautilia roho kwa hadithi anayoijua yeye.

Hatua chache kutoka hapo, katika maduka yaliyo kando ya barabara, hali hubadilika. Huko sanamu ni mpya, zimetoka Uchina kupitia kwa wauzaji wa jumla wa Kamukunji na Eastleigh, na hununuliwa kwa dazeni. Mwenye duka hana rafu maalumu ya vitu vya kuchezea kama ilivyo katika maduka makubwa ya Nairobi. Hutundika pakiti kwa kamba mlangoni, ambapo macho ya mtoto hukutana nazo kabla ya macho ya mzazi kuufikia unga, au huzibana kwenye waya juu ya kaunta, karibu na betri na madaftari. Akiba nyingi huagizwa Disemba inapokaribia, watu wa mijini wanaporejea nyumbani. Kadi za pakiti hizi ni matini ya ajabu. Si ajabu kumkuta Spider-Man amesimama bega kwa bega na Batman kwenye kadi moja, ingawa mmoja ni mali ya Marvel na mwingine ni mali ya DC, na jina lililoandikwa juu si la mmoja wao. Mtaalamu wa mwingilianomatini angeweza kuandika tasnifu nzima kuhusu kadi hiyo, japokuwa mawakili wangemtangulia, kwa sababu Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu mwaka 2008.

Tofauti kati ya turubai na mlango wa duka ni maandishi, na historia ya bidhaa hii inathibitisha kwamba maandishi si pambo. Kampuni ya Hasbro ilipomleta askari wake G.I. Joe madukani Marekani mwaka 1964, ilikabiliwa na tatizo la kisemantiki. Bidhaa yenyewe ilikuwa mwanasesere: ina viungo vinavyopinda, inavuliwa na kuvishwa nguo, sawa na Barbie aliyeuzwa na Mattel tangu mwaka 1959. Lakini ni baba gani wa wakati ule angemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere? Hasbro ikalipiga marufuku neno hilo katika mauzo yake, na mahali pake ikaunda istilahi mpya yenye maana ya sanamu ya vitendo. Plastiki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nomino, na nomino hiyo ikazaa soko.

Miaka 13 baadaye kampuni ya Kenner ilikwenda mbali zaidi. Filamu ya Star Wars ilikuwa imepata umaarufu ambao watengenezaji wa sanamu hawakuutarajia, na Krismasi ya mwaka 1977 ilikaribia ilhali sanamu hazijatengenezwa. Kenner ikauza sanduku lisilo na sanamu. Ndani mlikuwa na cheti cha kumwezesha mtoto kutumiwa wahusika wanne kwa posta mwaka uliofuata. Watu walinunua ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Na sanamu 12 za kwanza zilipofika madukani mwaka 1978, mgongo wa kila kadi ulionyesha picha za wote 12, ili mtoto aliyenunua mmoja ajue papo hapo kwamba amepungukiwa na 11. Tangu wakati huo huo ndio ufundi wa rafu: mpe mtoto jina, mpe orodha, kisha mwachie pengo katika orodha hiyo. Hata upakiaji wa makasha huchangia, kwa kuwa muuza duka hupokea kasha lenye wahusika mchanganyiko, na mhusika fulani huwa mmoja tu katika kasha zima. Uadimu wake hupangwa kiwandani, kisha dukani ukaitwa bahati.

Kuna watakaosema kwamba huo ni ujanja wa Wamarekani usiohusiana na Waswahili. Watazame kanga. Huenda hakuna bidhaa ya Afrika Mashariki iliyokusanywa kwa bidii zaidi, na wafanyabiashara wa pwani waligundua mapema kwamba mnunuzi hanunui pamba na rangi peke yake. Ananunua maandishi, na maandishi hayo yana istilahi yake ya kibiashara ambayo haikutungwa na kamati yoyote: huitwa jina. Kanga huuliziwa kwa jina, hupendwa na huchukiwa kwa jina, na mwanamke mwenye sanduku lililojaa doti bado hutaka nyingine kwa sababu jina lake bado hajalivaa. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa huchapisha kwenye kanga zake alama ya Mali ya Abdulla, na aghalabu huongeza namba ya muundo. Jina, alama, namba, na muundo mpya unaotoka kabla wa zamani haujachakaa: ni kanuni zile zile za rafu ya Kenner, isipokuwa lugha yake ni Kiswahili, na majina mengine yalikuwa yamechapishwa kwa hati ya Kiarabu kabla hajazaliwa mtu wa kuifikiria Star Wars.

Kwa hiyo tatizo haliko katika uwezo wa lugha. Hata wahusika tunao. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea naye kupitia Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Bwana Msa ana kiko chake na ana rafiki yake Najum. Ana kila kitu ambacho mtengeneza sanamu angetaka, pamoja na kifaa kidogo cha kushika mkononi. Katika Taifa Leo, Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha vizazi kadhaa vya Wakenya. Tanzania ina Madenge na Lodi Lofa wa gazeti la Sani. Hawa ni wahusika wa mfululizo, wanaotambulika kwa sura kabla ya kusoma neno.

Sasa aingie mtu katika duka la vitabu mjini Meru amtafute mmoja wao. Vitabu vya Kiswahili vimepangwa kwa darasa na kwa mtaala. Hadithi za watoto zimewekwa chini ya gredi, vitabu teule chini ya kidato, na msimu wa mauzo ni shule zinapofunguliwa. Hakuna anayeweza kuomba “kingine cha yule shujaa”, kwa kuwa rafu haimjui shujaa. Jalada la nyuma lina muhtasari na maelezo ya kiwango, na pengine picha ya mwandishi mwenye tai. Mgongo wa kadi ya Kenner ulikuwa na wenzake 11. Mchapishaji anamlenga mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hapungukiwi na mhusika yeyote. Lawama ya kwamba watoto hawasomi Kiswahili ingepaswa kupitia kwanza kwenye mpangilio huu. Mfano wa upande wa pili ni Super Sema, mfululizo wa katuni wa kampuni ya Kukua yenye makao Nairobi, ulioanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021. Shujaa wake ni msichana wa Kiafrika anayeitwa kwa kitenzi cha Kiswahili, lakini alianza kwa kusema Kiingereza.

Kuna jambo zito zaidi ya mashujaa. Kadi zinazoning’inia kwenye milango ya maduka ya Kianjai zina onyo, kwa Kiingereza au Kichina, kwamba sanamu haimfai mtoto aliye chini ya miaka 3 kwa sababu vipande vidogo vinaweza kumkaba koo. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji, na Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Bibi anayemnunulia mjukuu Spider-Man wa dazeni amelindwa na ibara zote mbili, na hasomi lolote kwenye kadi. Kwenye turubai hata kadi haipo. Upanga unaong’oka umelala pale, mdogo kama punje ya hindi. Kutafsiri sentensi moja ya onyo hakuhitaji shahada ya uzamili. Lakini vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, vinavyoandaa makongamano kuhusu utandawazi, havijawa na mazoea ya kuwapelekea waagizaji wa Kamukunji sentensi hiyo ikiwa tayari imeandikwa.

Istilahi nayo inangoja. Mwanasesere anabeba utoto na, kwa wengi, uke. Mnunuzi wa kawaida husema doli. Sanamu inanukia ibada. Kinyago ni cha mchongaji, na kikaragosi kina dhihaka. Pengine mchuuzi wa turubai atalitatua jambo hili kabla ya wanaisimu, na itakuwa vyema wakiwapo karibu kumsikia.

Pingamizi linatarajiwa kwamba kumpeleka shujaa wa jadi dukani ni kumdhalilisha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama kitabu teule kisingekuwa bidhaa tayari, na kama Fumo Liyongo mwenyewe asingekuwa ameumbwa kwa namna inayofanana mno na sanamu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anapelekewa gerezani mkate wenye tupa ndani yake. Anakata minyororo yake huku kelele za ngoma zikimficha. Na baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, na anakufa katika hali hiyo hiyo, huku watu wakiogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Pakiti yake ingekuwa na uta, mshale, mkate unaofunguka na tupa ya kutia ndani. Mgongoni mwa kadi, picha ya mama yake, ya Saada aliyeupeleka mkate, na ya mwana msaliti anayeuzwa peke yake. Chini kabisa, kwa Kiswahili, ingebidi yaandikwe maelezo kwamba sindano ya shaba ni ndogo na ina ncha, na isiachwe karibu na mtoto aliye chini ya miaka 3.