Muulizeni Soja wa Lango

Nilipoacha chuo mwaka jana (karo, hiyo ni stori ya siku nyingine) nilibaki na laptopu, simu na nyumba ya kelele. Siwezi kuhariri video pale. Nikajiambia, si maktaba ya umma ipo? Meza iko, stima iko, kimya kiko.

Nikanunua bando la 20 bob nikafungua tovuti yao. Wasee! Kitu cha kwanza ni picha ya mkubwa akikata utepe. Inapita, inakuja nyingine, bado ni yeye. Chini yake Maono, Dhamira, Maadili Yetu, kisha zabuni. Saa za kufungua je? Ziko kwenye PDF iliyoskaniwa ikiwa imelala upande. Kabla haijafunguka yote, bando likaisha.

Nikaenda tu. Nauli soo. Nikafika Jumamosi saa nane mchana, lango limefungwa. "Kijana, Jumamosi tunafunga saa saba," soja akaniambia. Kando yangu alisimama msichana wa kidato cha nne na rundo la mitihani ya KCSE ya miaka iliyopita. Hakusema kitu. Alitoa sarafu akaanza kuhesabu kama nauli ya kurudi itatosha. Halafu jioni utasikia mtu kwa TV akilia ati vijana hawasomi.

Nikapiga stori na yule mzee kama dakika kumi hivi. Alijua kila kitu: kadi inalipiwa wapi, mwanafunzi asiye na kitambulisho aje na barua gani, meza gani ina soketi inayofanya kazi, waifai inashika upande upi, siku gani watu hujaa. Akasema maswali ni yaleyale kila siku.

Sasa si hiyo ndiyo tovuti? Kabla hamjamlipa mtu awaundie nyingine, wekeni daftari pale langoni wiki moja. Kila swali analoulizwa soja liandikwe. Lililoulizwa sana ndilo likae juu.

Kisha tafuteni watu watano, wapeni simu ya bei rahisi, waambieni watafute kama mmefungua leo. Nyinyi mnyamaze mwangalie wanapokwama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu 5 tu wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Kwa hivyo msiniambie hakuna bajeti. Mimi kazi yangu ni video: mtu akichoka sekunde ya tatu ameshanipita, na siwezi kumlaumu.

Mkubwa naye abaki, sina noma naye. Awekwe chini huko, karibu na zabuni.

Na ile PDF, jameni, itoeni. Andikeni tu juu kabisa, kwa herufi kubwa, bila picha: leo tunafunga saa saba.