Penye Jua Hapana Wajenzi?

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Leo nawaomba radhi, niseme penye jua. Garissa jua si haba, Alhamdulillahi, na tangu 2019 pana kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichotandazwa juu ya hekta 85. Kituo ni kizuri. Lakini paneli zake zilitoka China, na fedha za kukijengea zilikopwa huko huko. Sisi tulitoa ardhi, na jua ni la Mwenyezi Mungu.

Neno langu ni hili: tulichopungukiwa ni elimu, si vitu. Na shahidi wangu ni hina.

Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, huko Lausanne, Uswisi, walitangaza seli ya umeme isiyofanana na zile za silikoni zilizoko Garissa. Walitwaa oksidi ya titani, unga mweupe uleule utiwao katika rangi za kuta, wakaupaka juu ya kioo kipitishacho umeme, kisha wakautia rangi. Unga huo peke yake haunasi mwanga tuuonao. Huurudisha, ndiyo maana ukawa mweupe. Rangi ndiyo huunasia. Mwanga ukiipiga molekuli ya rangi, elektroni huruka ikaingia katika oksidi, upesi kuliko kufumba na kufumbua, ikapita hadi kwenye kioo na waya, ikafanya kazi. Kisha ayodini huirudishia rangi kile ilichotoa.

Wachunguzi wa nchi mbalimbali wamejaribu pia hina, hii hii ya viganja vya maharusi wa Garissa, Lamu na Mvita, nayo ikatoa umeme. Ni mdogo, kweli. Wala rangi za majani hazistahimili jua kwa muda mrefu. Silikoni bado yashinda.

Na ule unga? Kwale, tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, ulichimbwa mchanga wenye rutaili, ambayo ni oksidi hiyo ya titani ikingali ghafi. Ukapakiwa melini Likoni, ukenda zake.

Basi hesabu, ndugu msomaji: jua la Garissa, mchanga wa Kwale, hina ya nyua zetu. Amekosekana fundi tu. Sisemi kituo kivunjwe tukapake hina! Nasema somo hili lifunzwe kwa mikono katika sekondari zetu, na Chuo Kikuu cha Garissa kilishike kama lake.

Atakayesema haya ni mambo ya Wazungu, na amkumbuke Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir juu ya mwanga yapata miaka elfu moja iliyopita. Mtoto wetu aliyehifadhi Surat Ash-Shams ana haki pia ya kujua jua lenyewe lafanya kazi gani.