MENO YA MTOTO NI AMANA, TUACHE KUSEMA "YATANG'OKA TU"



Ndugu zangu wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, leo siilaumu serikali wala hospitali. Nawasema wazazi, na nawasema walimu wenzangu wa madrasa.

Pita Ngamiani au Makorora saa watoto wanapotoka chuoni. Mlangoni pana meza: ubuyu wa rangi, kashata, pipi za kijiti, jojo, barafu za ukwaju. Na mara nyingine meza hiyo ni ya mwalimu mwenyewe! Ndani tumemsomesha mtoto fadhila za mswaki, nje tunamuuzia cha kumtoboa meno. Wallahi ni aibu.

Ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake ana tundu, anajibu: "Hayo ya utoto, yatang'oka." Sikiliza vizuri, mama. Mtoto akifika miaka 6 hivi humuota gego la KUDUMU, nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wewe unalihesabu pamoja na yale ya kung'oka. Hilo halina mbadala. Limeingia kwenye kinywa kilichokwisha kuoza, linaanza kuliwa mapema. Mtoto akifika miaka 20 lina tundu au halipo kabisa, anatafunia upande mmoja. Watu wazima mnaosoma hapa, ni wangapi mmeng'oa gego la chini? Wengi wenu lilianza kuoza mkiwa bado mnasoma Juzuu Amma.

Na hayo ya utoto nayo si ya kuchezea. Magego yake humtumikia mpaka miaka 10 au 12, na likitunga usaha linaweza kuliharibu la kudumu linaloumbwa chini yake.

Wengine wanasema ni mdudu, wanafukiza. Hakuna mdudu wa kufukizwa. Ni bakteria wasioonekana kwa macho: wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inayeyusha jino. Kila mtoto anapolamba, kazi inaanza upya. Ndiyo maana ubuyu unaomung'unywa adhuhuri mpaka alasiri unadhuru kuliko kashata iliyoliwa mara moja pamoja na chakula. (Msichanganye na meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha. Yale ni floraidi iliyozidi kwenye maji, habari nyingine.)

Sasa Ramadhani. Sisi Mashafii tumesoma kwamba kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makruhu kwa aliyefunga. Mahanafi hawaoni hivyo, lakini haya, tushike ya kwetu. Je, Imam Shafii alikukataza baada ya futari? Baada ya kaimati, tambi za sukari, tende na chai? Alikukataza baada ya daku? Makruhu ni ya saa chache za mchana. Uvivu wako umeifanya ya mwezi mzima, kisha umeubandika jina la dini!

Mtume (s.a.w.) katika maradhi aliyofia alimwona Abdurrahman bin Abi Bakr ameshika mswaki, akautazama. Bibi Aisha (r.a.) akaelewa, akautafuna ukalainika, akampa. Anaondoka duniani na bado anautaka. Wewe ni mzima, mswaki wa mti umo mfukoni mwa kanzu, na mwanao wa miaka 4 hajapigishwa mswaki hata usiku mmoja kabla ya kulala. SubhanAllah.

Usiniambie dawa ya meno ni ghali. Chukua yenye floraidi: mtoto wa chini ya miaka 3 anatosha na kiasi cha punje ya mchele, aliyezidi hapo kiasi cha njegere. Inakaa miezi. Umpigishe wewe, asubuhi na usiku, usimwachie mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8.

Na walimu, ondoeni ile meza. Anayesema madrasa inategemea senti za ubuyu, machungwa ya Muheza yapo, karanga zipo, muhogo wa kuchemsha upo. Auze hivyo.

Wabillahi tawfiiq.