Bango pekee halimlindi msichana tamashani

Mnamo Oktoba 2014, waandalizi wa tamasha la New York Comic Con, nchini Marekani, walitundika mabango kuonya kwamba vazi la mhusika wa katuni si kibali cha kumshikashika aliyelivaa.

Hatua hiyo ilifaa. Hata hivyo, bango halipokei malalamiko. Msichana aliyepapaswa kwenye msongamano asipoona wa kumwendea, hunyamaza na kurudi nyumbani na hofu, aibu na kukosa usingizi.

Hapa Nairobi vijana huvalia vivyo hivyo katika NAICCON, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inawalinda. Yafaa kila mwandalizi achapishe kanuni kwenye tikiti, ateue wahudumu wenye sare wa kupokea malalamiko, na amfukuze mkosaji hata akiwa mtu mashuhuri.

Aliyenajisiwa apelekwe hospitali mara moja, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Mzazi, kabla ya kulipa kiingilio, uliza: mwanangu akiguswa, atamwambia nani humo ndani?