Raketi na Kalamu Hazipigani



Juma lililopita, katika mkutano wa wakubwa wa kalasi, neno moja lilitoka na mpaka leo linatuuma. Walisema saa ya mchezo ya wasichana, ile ya siku ya posho, iondolewe. Sababu? Wasichana wa mwaka wa sita wako na Egzame ya Serikali mbele yao, tena nyumbani mama zao wanawangojea na kazi. Wavulana, wao, wabaki na mpira wao. Mmoja wetu akaongeza: "Mwanamuke atafanya nini na mucezo? Asome tu, basi." Tulicheka. Hata sisi tunaoandika haya tulicheka. Lakini usiku tukajiuliza: kama mchezo unaharibu masomo, juu ya nini unaharibu ya wasichana peke yao? Na kweli, unaharibu?

Turuhusuni tuwape habari ya msichana mmoja, halafu kila mtu apime.

Jina lake ni Angella Okutoyi. Alizaliwa Nairobi, inchi ya Kenya, mwezi wa kwanza 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alikufa katika kuwazaa. Nkambo yao ndiye aliyewalea, na nkambo huyo hakuwa tajiri: alikuwa mfagiaji kwenye masomo ya msingi ya Loresho. Pale watoto walikuwa wanafundishwa tenisi. Basi mtoto wa mfagiaji akashika raketi angali mdogo sana. Hakuna aliyemwambia "ile ni mucezo ya bazungu, weye shika ufagio."

Mwezi wa kwanza 2022, kule Melbourne, katika mashindano makubwa ya Australia upande wa vijana, alimshinda msichana wa Italia. Ilikuwa mara ya kwanza msichana wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano ya vijana ya namna ile. Mwezi wa saba wa mwaka uleule, kule Wimbledon, Uingereza, yeye na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walicheza fainali ya wasichana wawili-wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ile ya kumaliza wakaipata 11-9. Angella alikuwa na miaka 18. Ni umri wetu, sisi tunaokaa kwenye banki za nyuma.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akisha kushinda Wimbledon, wengi wetu tungesema: "Masomo ya nini tena? Nimefika." Angella hakusema vile. Kikombe cha vijana hakina makuta ndani yake. Na mchezaji anayeanza tenisi ya kazi ndiye anayelipa ndege, chumba cha kulala, chakula na mwalimu wake, juma kwa juma, hata kama ameshindwa siku ya kwanza. Nani kati ya nkambo zetu angeweza? Basi mwaka 2023 akaenda kusoma Auburn University, katika jimbo la Alabama, Marekani. Kule univerisite ziko na ekipe zao, na mchezaji hodari anaweza kupewa bursi ya kulipa masomo, malazi na chakula. Lakini bursi ile iko na sharti: asiyefaulu masomo anasimamishwa kucheza. Yaani asubuhi kalamu, mangaribi raketi, na ukiangusha moja, ya pili inaanguka pia.

Je, masomo yalimharibia mchezo? Mwezi wa tatu 2024, kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, alivaa rangi za Kenya na akachukua medali ya zahabu ya wasichana, mmoja kwa mmoja. Katika nusu fainali alimwangusha Mayar Sherif wa Misri, aliyekuwa bingwa wa michezo ile tangu 2019. Tena huyo Mayar naye alikuwa amepita univerisite ya Marekani, Pepperdine, kule California. Wanawake wawili wakubwa wa tenisi ya Afrika, wote wawili watu wa vitabu.

Hapa iko neno moja linalotuhusu sisi Wakongomani. Katika fainali ile ya Wimbledon, upande mwingine wa wavu alikuwa amesimama Victoria Mboko, na mwenzake Kayla Cross. Jina Mboko halihitaji kutafsiriwa: baba na mama yake walitoka Kinshasa. Yeye alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, na ni bendera ya Kanada anayoichezea. Mwezi wa nane 2025, kule Montréal, akiwa na miaka 18, alimshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 na kuchukua kikombe cha wakubwa kabisa.

Mtu atasema: "Munaona! Huyu hakupita univerisite, na alifika." Ni kweli, njia yake ilikuwa nyingine. Lakini nyuma yake ilikuwa inchi yenye viwanja, walimu na kituo cha kufundishia vijana. Mtoto aliye na inchi ya namna ile nyuma yake anaweza kwenda moja kwa moja. Mtoto asiye nayo, masomo ndiyo mlango wake. Sisi wa Likasi tuko wa mlango gani? Jibu kila mtu analijua.

Wengine watatuambia: "Nairobi si Likasi. Munadanganya watoto na ndoto." Hapana, hatudanganyi. Hatusemi kila msichana anayetembea kwa miguu kutoka Kikula ao Panda atafika Wimbledon. Pengine hakuna hata mmoja. Uwanja wa zamani wa tenisi tunaoupita kila siku, sementi yake imepasuka, majani yameota, wavu hakuna, na watu wanaanika mihogo pale. Hatuwachukii, mihogo inalisha. Tunasema tu kwamba Angella naye hakuanza na Wimbledon. Alianza na vitu vitatu: pahali pa kuchezea, mtu wa kumfundisha, na saa ambayo hakuna mtu aliyemnyang'anya. Pahali hatuna. Mwalimu tunaye nusu. Saa tunayo, na ndiyo hiyo tunataka kuikata kwa mkono wetu wenyewe!

Tena tujihukumu sisi wavulana. Msichana anaamka mbele yetu, anachota maji, anafagia, anafika masomo amechoka. Mangaribi sisi tunakwenda mpira, yeye anarudi kwa masufuria. Halafu akipata pointi kidogo tunasema ni mchezo. Saa moja kwa juma! Hesabu hiyo hata mtoto wa mwaka wa kwanza angeikataa.

Kwa hiyo sisi tunaomba mambo matatu. Moja, saa ya wasichana ibaki, hata kwa mwaka wa sita. Mbili, wavulana wa mwaka wa sita, siku mbili za posho, tuje na majembe tung'oe majani kwenye uwanja ule, kama wenye uwanja wanaturuhusu. Wenye kuanika mihogo tusemezane nao kwa heshima, tugawane siku. Tatu, anayetaka kucheza aonyeshe kaye za masomo yake kwanza, wavulana sawasawa na wasichana. Kama sharti lile linafaa kwa Auburn, linafaa kwetu pia.

Na yule ndugu aliyesema "asome tu, basi", hatumtaji jina. Tunamwalika aje siku ya posho na jembe lake. Sisi tuliocheka pamoja naye tutakuwa pale mbele yake.

Kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi