Elimu na Adili

Wako watu wasemao kuwa kumfundisha mwanafunzi hila za wahalifu wa kompyuta ni kumnolea mwizi kisu. Msomaji, usilikubali neno hilo. Mwizi hangoji mwalimu. Ajinga ni yule aibiwaye.

Katika mwaka 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitoa programu iliyojinakili yenyewe ikaenea mitandaoni. Hakuiba hata senti moja, lakini maelfu ya kompyuta yalilemewa, na mwaka 1990 mahakama ilimtia hatiani. Je, alikosa ujuzi? La, alikuwa nao tele. Alikosa kujizuia.

Kenya nasi tuna sheria ya mwaka 2018: avunjaye ulinzi wa kompyuta na kuingia bila idhini aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili. Ni haki gani, basi, kijana kuadhibiwa kwa kosa ambalo shule iliogopa kumtajia? Neno la siri la mwenzako ni mlango wa nyumba yake. Hata ukiukuta wazi, nyumba si yako. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na fimbo ya ulimwengu haina huruma.